Kitenzi na Pengo: Tahakiki ya Zoezi la Kujaza Nafasi kwa Mtoto wa Kabras

1. UTANGULIZI

Miongoni mwa mazoezi yote ayafanyayo mwanafunzi wa Kiswahili katika shule ya msingi ya Kenya, hapana lililozoeleka kuliko lile la kujaza nafasi. Sentensi huondolewa neno moja, mahali pake hupigwa mstari, na mwanafunzi hutakiwa kulirejesha neno lililoondoka, ama kwa akili yake mwenyewe, ama kwa kuchagua moja kati ya manne aliyowekewa. Neno linaloondolewa mara nyingi huwa ni kitenzi. Jambo hili si la ajabu. Katika Kiswahili kitenzi ndicho kibebacho mzigo mkubwa wa sentensi. Neno moja kama *watakaponipelekea* lina mtenda, njeo, wakati wa kutegemea, mtendewa na kauli ya kutendea, yote kwa pamoja. Atoaye kitenzi katika sentensi ya Kiswahili hakutoa tofali moja ukutani. Ametoa nguzo iliyoshika paa.

Makala haya yanakusudia kulihakiki zoezi hilo kwa kuuliza maswali mawili. La kwanza: mtoto anapochagua kitenzi cha kukamilisha sentensi, huongozwa na dalili zipi? La pili: je, zoezi kama linavyotungwa kwa kawaida humfundisha kuzisoma dalili hizo, au humfundisha kubahatisha kile anachokitaka mtungaji? Tumechagua kuyatazama maswali haya kutoka Kabras, yaani nchi ya Malava iliyo kaskazini ya mji wa Kakamega, pande zote mbili za barabara iendayo Webuye. Sababu zetu ni mbili. Mtoto wa Kabras hukijia Kiswahili akiwa tayari ana lugha nyingine ya Kibantu kinywani, na lugha hiyo mara humsaidia, mara humpotosha. Pili, ulimwengu wake, ambao ni wa miwa, mahindi, mvua na matope, ni nadra kuwa ndio ulimwengu wa mtungaji wa maswali.

Mifano yote iliyomo humu imetungwa kwa ajili ya makala haya kwa kufuata sura ya mazoezi yaliyozoeleka. Haikunukuliwa katika kitabu wala mtihani wowote.

2. ASILI YA ZOEZI

Yafaa kwanza tukumbuke zoezi hili lilikotoka. Mwaka 1953 Mmarekani Wilson Taylor alieleza njia mpya ya kupima ugumu wa maandishi. Aliondoa maneno katika kifungu kwa hesabu isiyobadilika, mathalani kila neno la tano, kisha akawapa wasomaji kifungu kile wayarejeshe. Kifungu ambacho wasomaji waliweza kukijaza kwa wepesi kilihesabiwa kuwa chepesi kusomeka, na kile kilichowashinda kilihesabiwa kuwa kigumu. Baadaye walimu wa lugha waliichukua njia hiyo wakaifanya kipimo cha wanafunzi.

Katika safari hiyo mambo matatu yalibadilika, nayo ni muhimu kwa hoja yetu. Kwanza, pengo halikuwekwa tena kwa hesabu. Liliwekwa kwa hiari ya mtungaji, pale alipotaka kupima jambo fulani. Pili, msomaji hakuachiwa tena alitafute neno katika ghala lake mwenyewe. Alipewa maneno manne achague moja. Tatu, na hili ndilo kubwa, mshtakiwa alibadilika. Kwa Taylor yaliyokuwa kizimbani ni maandishi. Msomaji aliposhindwa, lawama iliangukia kifungu. Katika mtihani aliye kizimbani ni mtoto. Akishindwa, hakuna aulizaye kama kifungu chenyewe kilikuwa na dalili za kutosha.

Nchini Kenya mabadiliko hayo yalipata uzito wa pekee. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, na tangu mwaka huo hadi 2023 mtihani wa KCPE ndio uliokuwa lango la kuingilia shule ya upili. Katika miaka ya mwisho ya mtihani huo, karatasi ya lugha ilikuwa na maswali 50 ya kuchagua, na 15 ya kwanza yalikuwa ya kujaza nafasi katika vifungu. Si nafasi zote zilizohitaji kitenzi, lakini vitenzi havikukosekana. KCPE sasa imekwisha, na tangu 2022 watoto wa darasa la sita wamekuwa wakifanya tathmini ya KPSEA chini ya mtaala mpya. Lakini maswali ya kuchagua hayakwenda na KCPE, wala zoezi la kujaza nafasi halikutoka darasani. Kwa hiyo tunalolijadili hapa si jambo la historia tu.

3. DALILI ZA MUKTADHA

Tukisema kwamba kitenzi huchaguliwa kwa kufuata muktadha, yatubidi tueleze muktadha huo una nini ndani yake. Twaweza kuzigawa dalili katika mafungu manne.

(a) Dalili za upatanisho. Hizi hutokana na kiima na shamirisho. Katika sentensi *Miwa ______ na moto usiku*, ngeli ya *miwa* inadai kiambishi *i-*. Basi *waliteketezwa* na *liliteketezwa* hazifai, hata kabla hatujafikiri juu ya maana.

(b) Dalili za kauli. Maneno madogo yanayozunguka pengo hutuambia ni nani atendaye na ni nani atendewaye. Linganisha:

(1) Kamba ilikatwa na mfugaji.
(2) Kamba ilikatika yenyewe.
(3) Mfugaji alimkatia ng'ombe majani.

Katika (1) *na mfugaji* yadai kauli ya kutendwa. Katika (2) neno *yenyewe* lamwondoa mtenda na kudai kauli ya kutendeka. Katika (3) majina mawili baada ya kitenzi yadai kauli ya kutendea. Atakayejibu *ilikatika* katika (1) hakukosa msamiati. Amekosa kulisoma neno *na*.

(c) Dalili za ushirika wa maneno. Yako maneno ambayo kwa mazoea ya lugha hukaa pamoja. J. R. Firth, mwanaisimu wa Uingereza, alilipa jambo hili uzito mkubwa katika nadharia yake ya maana. Kiswahili ni tajiri mno upande huu. Nguo *hufuliwa*, vyombo *huoshwa*, mikono *hunawiwa*, na mwili mzima *huogeshwa*, ingawa Kiingereza chaweza kuyabeba yote manne kwa kitenzi kimoja. Tena kitenzi *fua* hakikai kwa nguo peke yake: mhunzi hufua chuma, na mpishi hufua nazi. Vivyo hivyo twapiga kura, twapiga hodi, twapiga magoti. Twakata shauri, twakata tamaa, twakata rufaa. Twala kiapo, twala njama, twala hasara. Hapa maana ya kitenzi haimo katika kitenzi peke yake, bali imo katika ndoa yake na jina.

(d) Dalili za mfululizo. Hizi hazimo katika sentensi yenye pengo, bali katika zile zilizotangulia na zinazofuata. Msimulizi aliyekwisha sema *alifika* ataendelea kwa *akabisha*, *akaingia*, *akaketi*. Sentensi *Mama ______ mlango* yapokea *alifungua*, *alifunga*, *alibisha* na *alivunja*. Ni habari iliyotangulia tu iwezayo kuchagua kati ya hivyo.

Kati ya mafungu haya manne, mazoezi mengi ya sentensi mojamoja hupima (a) na (b) vizuri, hupima (c) kwa kukariri, na (d) hayaipimi kabisa. Nayo (d) ndiyo ihusianayo na kusoma kwa kweli.

4. MANENO YALIYOGEUZWA HIRIZI

Kwa kuwa sentensi fupi ina dalili chache, walimu na wanafunzi wamejitungia kanuni za haraka. Penye *jana* weka *-li-*. Penye *kesho* weka *-ta-*. Penye *sasa* weka *-na-*. Penye *kila siku* weka *hu-*. Maneno hayo ya wakati yamekuwa kama hirizi. Mtoto hupitisha macho kwenye sentensi akilitafuta neno moja, na akiliona hana haja ya kuyasoma mengine.

Hirizi hizi hufaa mpaka siku zinapokataa kufanya kazi. Tazama sentensi hii:

(4) Usipige kelele. Mtoto ______ sasa hivi.
A. analala B. amelala C. alilala D. atalala

Mwenye hirizi huona *sasa hivi* na kuchagua *analala*. Mswahili hasemi hivyo akitaka kueleza kwamba mtoto yumo usingizini, husema *amelala*. Vitenzi vya hali kama *lala*, *simama*, *keti*, *vaa*, *choka*, *shiba* na *iva* hutumia *-me-* kuonyesha hali iliyopo sasa, iliyotokana na tendo lililokwisha kutimia. *Sasa nimeshiba. Sasa ndizi zimeiva. Tazama, amevaa kanzu.* Dalili iliyo kubwa katika (4) si *sasa hivi*, bali ni onyo la kwanza, *usipige kelele*, pamoja na maana ya kitenzi chenyewe. Mtoto aliyefundishwa kutafuta neno moja hataiona.

Kadhalika *kesho*. Husemwa kila siku, tena kwa Kiswahili kisicho na lawama, *Kesho naenda Malava*, pale safari inapokuwa imekwisha kuamuliwa. *Jana* nayo yapatana na *-ki-* katika *Jana nilimwona akilima*, na yapatana na *-ngali-* katika *Jana ungalikuja ungalimkuta*. Neno *leo* ni gumu zaidi, kwani *Leo mvua imenyesha*, *Leo mvua ilinyesha asubuhi*, *Leo mvua inanyesha* na *Leo mvua itanyesha* zote ni sentensi njema. Atakayeweka pengo baada ya *Leo mvua* na kudai jibu moja tu, hakupima Kiswahili cha mtoto. Amempa kura ya bahati, na katika kura ya majibu manne mtoto asiyejua lolote hupata robo ya alama bila kusoma.

5. MTOTO WA KABRAS NA KITENZI

Sasa tumfikie mtoto mwenyewe. Kikabrasi ni mojawapo ya lahaja za Kiluhya, na Kiluhya ni ndugu wa Kiswahili katika ukoo wa Kibantu. Undugu huo una pande mbili.

Upande wa kwanza ni wa msaada, nao husahauliwa mara nyingi na wanaolalamika juu ya athari ya lugha ya mama. Mtoto wa Kabras hahitaji kufundishwa kwamba kitenzi kimoja chaweza kunyambuliwa kuwa cha kutendea, cha kutendwa na cha kutendana. Lugha yake yafanya hivyo tangu alipoanza kusema. Hahitaji kufundishwa kwamba kiima hutawala kiambishi cha kitenzi. Ngeli anazo, ingawa sura zake ni nyingine. Upande wa njeo huenda akawa na zaidi ya anachokihitaji. Lugha za Kiluhya, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu za pande za Ziwa Viktoria, hutenganisha umbali wa wakati, hata tendo la leo, tendo la karibuni na tendo la zamani huweza kupewa maumbo mbalimbali. Kiswahili sanifu huyatia yote hayo chini ya *-li-*. Mtoto huyu basi amezoea kuuliza *lini hasa?* kabla ya kutamka kitenzi. Hiyo ni akili ya kusoma muktadha, nayo ingetosha kuwa msingi wa mafundisho kama ingalitambuliwa.

Hata ushirika wa maneno haumtupi mbali kila mara. Shina *-khupa* la Kiluhya lina maana ya *piga*, na kama *piga* limetoka katika maana ya kugonga likaingia katika maneno ya siku hizi, hata simu nayo *hukhupwa*.

Upande wa pili ni wa mitego. Yako maneno yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa maana. Shina *-lia* kwa Kiluhya ni *kula chakula*, na kwa Kiswahili *kulia* ni kutoa machozi. Shina *-kula* kwa Kiluhya ni *kununua*, na kwa Kiswahili *kula* ni kutia chakula kinywani. Shina *-tekha* kwa Kiluhya ni *kupika*, na kwa Kiswahili *kuteka* ni kuchota maji kisimani au mtoni, au kumkamata mtu kwa nguvu. Fikiria basi sentensi hii:

(5) Dada alikwenda na mtungi ______ maji.
A. kupika B. kuteka C. kukula D. kulia

Kwa mtoto aliyesikia *-tekha* jikoni kwa mama yake tangu utotoni, jibu B halina uhusiano na mtungi. Lakini sentensi yenyewe imemwekea dalili mbili, *alikwenda* na *mtungi*. Zikisomwa, mtego hufunguka: haendi mtu na mtungi kupika maji. Swali hili ni zuri, kwa kuwa muktadha unamwezesha mtoto kuishinda athari ya lugha yake kwa kufikiri.

Sasa linganisha na swali la namna nyingine:

(6) Wafanyakazi ______.
A. wamekoma B. wamegoma C. wamekawa D. wamegawa

Katika lahaja nyingi za Kiluhya sauti za kipasuo zenye ghuna, kama *g* na *d* za Kiswahili, husikika baada ya nazali tu. Ndiyo maana *goma* na *koma*, *gawa* na *kawa*, huweza kuwa neno moja masikioni mwa mtoto wa Kabras. Mtungaji anayeyaweka maneno haya bega kwa bega katika sentensi isiyo na dalili amemtega mtoto kwa sikio lake, wala hakumwachia njia ya kujikomboa. *Wafanyakazi wamekawa* ni sentensi sahihi, na *wamegoma* ni sentensi sahihi. Lau ingeongezwa *wakidai nyongeza ya mishahara*, mtoto angeachana na sikio akashika maana. Tofauti ya (5) na (6) ni tofauti ya mwalimu na mtegaji.

Kuna jambo jingine, la ulimwengu unaosemwa na sentensi. Kiswahili kimelelewa pwani, na ghala lake la vitenzi lina harufu ya bahari: *kutweka tanga*, *kutia nanga*, *kung'oa nanga*, *kutia nanga tena bandarini*. Haki ya mtoto wa Kabras ni kuyajua haya yote, maana lugha ni yake pia, na tangu Katiba ya 2010 Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja. Hatusemi kwamba bahari iondolewe darasani. Twasema tu kwamba muktadha hauwi dalili mpaka ujulikane. Katika *Nahodha alitweka ______* au *Nahodha ______ tanga*, mtoto wa Lamu anasaidiwa na macho yake. Mtoto wa Malava, aliye mbali na pwani, anasaidiwa na kukariri tu. Swali moja, vipimo viwili.

6. KIFUNGU CHA MAJARIBIO

Ili hoja isibaki hewani, na tukitunge kifungu kifupi kutoka ulimwengu wa Kabras wenyewe, ambako miwa ni zao la biashara na kiwanda cha sukari kiko karibu:

*Asubuhi ile wakataji walifika shambani mapema. Miwa [1] miezi kumi na minane tangu ilipopandwa. Walipoimaliza kuikata, mvua kubwa ilinyesha. Trekta lililokuja kuichukua [2] matopeni, likawa haliendi mbele wala nyuma. Jua lilipowaka tena, miwa ile [3] shambani kwa siku tano. Siku ya kupimwa kiwandani, mwenye shamba alijua kwamba [4] hasara.*

[1] A. imetimiza B. ilikuwa imetimiza C. itatimiza D. walikuwa wametimiza
[2] A. lilikwama B. lilizama C. lilisimama D. lililala
[3] A. ilibaki B. ilikaa C. ililala D. ilikauka
[4] A. amekata B. amepiga C. amekula D. amevunja

Pengo la [1] lina dalili mbili zinazosaidiana. *Asubuhi ile* yauweka wakati wote wa habari nyuma yetu, nalo neno *miwa* lamtoa D. Jibu ni B, wala hakuna mtu mzima atakayebisha.

Pengo la [2] lingeweza kupokea B, kwani gari huzama matopeni. Na C pia, kwa kulazimisha. Lakini mtungaji amemwongezea msomaji *likawa haliendi mbele wala nyuma*, na hiyo ndiyo tafsiri ya *kukwama*. Mtoto anayesoma mpaka nukta hupata. Yule aishiaye kwenye pengo hubahatisha. Hivyo ndivyo zoezi linavyopaswa kuwa: humlipa anayesoma.

Pengo la [3] ni bovu, na ubovu wake wafundisha kuliko mapengo mengine yote. Majibu yote manne ni Kiswahili sahihi. Mtungaji aliye mbali na miwa atasema kwamba jibu ni A, maana *kwa siku tano* huenda vizuri na *kubaki*. Lakini mtoto aliyezaliwa penye miwa anajua jambo ambalo mtungaji halijui: muwa uliokatwa na kuachwa juani hukauka na kupungua uzito, na mkulima hulipwa kwa uzito. Ameiona hasara inatajwa katika sentensi ifuatayo, ameliona jua, akaunganisha. Atachagua D. Amefanya lile lile tunalotamani wasomaji wote walifanye, yaani kusoma sentensi kwa nuru ya jirani zake na kwa nuru ya maisha. Naye atakosa alama. Hapana aibu kubwa zaidi kwa zoezi la lugha kuliko kumwadhibu mtoto kwa kuelewa.

Dawa yake si ngumu. Mtungaji angeandika *[3] kwa jua kali hata ikapungua uzito*, na D ingebaki peke yake. Au, kama alitaka A, angeyaondoa majibu mengine na kuweka yasiyowezekana.

Pengo la [4] ni la ushirika wa maneno. Mswahili *hula hasara*. Mtoto anaweza kuijua hasara yenyewe kwa uchungu, amesikia ikizungumzwa nyumbani mara nyingi, na bado asijue kwamba Kiswahili huila. Hapa muktadha haumsaidii sana, na ni haki kupima, ila ni lazima kwanza awe amefundishwa. Ushirika wa maneno haukisiwi. Hurithiwa au hufundishwa.

7. HOJA ZA WATETEZI

Watetezi wa zoezi hili wana hoja mbili zenye nguvu. Ya kwanza ni ya wingi. Katika KCPE ya mwisho, mwaka 2023, watahiniwa walizidi milioni 1. Haiwezekani, wasema, kusoma maelezo ya kila mtoto kuhusu sababu za kuchagua kitenzi. Majibu ya herufi husahihishwa haraka na bila upendeleo. Hoja hii ni ya kweli kwa mtihani wa taifa. Lakini darasani hakuna watoto milioni. Mwalimu aliye mbele ya watoto hamsini anaweza kuuliza *kwa nini?* mara kumi kwa kipindi, na swali hilo moja lina thamani kuliko karatasi tatu za mazoezi. Kosa letu ni kuiruhusu sura ya mtihani iwe sura ya mafundisho.

Hoja ya pili ni ya usanifu. Wasema kwamba lugha sanifu ni lazima iwe na jibu moja, na kwamba kukubali majibu mawili ni kufungua mlango wa ovyo. Hapa panahitajika kutenganisha mambo. Usanifu hutuambia kwamba *miwa waliteketea* ni kosa popote pale. Hautuambii kwamba *miwa ilibaki* ni bora kuliko *miwa ilikauka*. La kwanza ni suala la sarufi. La pili ni suala la habari inayosimuliwa. Mwenye kuvaa vazi la sarufi ili kulitetea swali lililotungwa vibaya haitetei sarufi.

8. MAPENDEKEZO NA HITIMISHO

Kutokana na haya twapendekeza mambo manne.

Kwanza, mtungaji alijaribu swali lake kwa kuyafunika majibu. Amwombe mtu mzima ajuaye Kiswahili alijaze pengo bila kuonyeshwa chochote. Akitaja neno jingine lenye kufaa, basi ama dalili iongezwe ama swali litupwe.

Pili, kitenzi kipimwe katika kifungu, kisipimwe katika sentensi iliyokatwa ikabaki yatima. Penye sentensi moja pana nafasi ya upatanisho na kauli. Penye kifungu pana nafasi ya kusoma.

Tatu, mwalimu aachane na hirizi za maneno ya wakati, au azifundishe pamoja na siku zinapokataa: *sasa amelala*, *kesho naenda*, *jana alikuwa akilima*. Afundishe mtoto kutia kidole juu ya neno lililomwongoza. Mtoto aliyekosa jibu lakini akaonyesha dalili ya kweli yuko mbele ya aliyepata kwa bahati.

Nne, lugha ya nyumbani isichukuliwe kuwa adui. Ripoti ya kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia katika madarasa ya mwanzo. Mwalimu wa Kabras anayejua Kikabrasi ana chombo mkononi ambacho mwingine hana. Akiyaweka *-tekha* na *teka*, *-lia* na *lia*, ubaoni upande kwa upande, atakuwa ameufungua mtego mchana, kabla mtoto hajaukanyaga katika chumba cha mtihani.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, wakimlaumu achezaye na chaguo badala ya kuingia shambani. Katika zoezi la kitenzi mambo ni kinyume. Hawezi kuchagua vema ila mkulima mwenyewe, yule aliyeingia ndani ya kifungu na kukipalilia mstari kwa mstari. Wajibu wa mtungaji ni kuhakikisha kwamba ndani ya shamba hilo kuna kitu cha kuvunwa. Watoto wengi wa Malava wameupita au wameukosa mlango wa shule ya upili kwa tofauti ya alama chache. Kila pengo lisilo na dalili ya kutosha lililowekwa mbele yao lilikuwa deni, na aliyelilipa hakuwa aliyelikopa.